Mtoto anarefukaje, na homoni zinaingilia wapi

Ukipata nafasi ya kuona eksirei ya kiganja cha mtoto wa miaka sita, iangalie vizuri kwenye mwanga. Kitu cha kwanza kitakachokushangaza ni kwamba mifupa haijaungana, yaani kwenye kila kidole unaona mfupa, alafu nafasi nyeusi, alafu kakipande kadogo ka mfupa kanaelea peke yake, na pale kwenye kifundo cha mkono ambapo mtu mzima ana vimifupa nane kwa mtoto unahesabu vichache tu, vingine bado havijatokea kabisa. Mzazi asiyejua anaweza kudhani mtoto kavunjika. Ile nafasi nyeusi sio pengo, ni gegedu, kitu laini ambacho eksirei haikioni, na hapo hapo ndipo binadamu anaporefukia.

Hicho kitu kinaitwa sahani ya ukuaji na kila mfupa mrefu wa mwili unazo karibu na ncha zake. Ndani yake kuna seli zimejipanga mistari mistari, za upande mmoja zimetulia tu kama akiba, zinazofuata zinagawanyika na kupangana, na za mwisho zinavimba mpaka zinakuwa kubwa mara kadhaa ya zilivyokuwa, zikishavimba zinaacha nafasi yao, mishipa ya damu inaingia na seli za mfupa zinakuja kujenga mfupa mgumu pale pale. Kwa hiyo mfupa hautanuki katikati, unaongezewa mwishoni, kidogo kidogo kila siku kwa miaka kumi na kitu. Sehemu kubwa ya urefu wa mguu inatokea jirani na goti, ndio maana daktari wa watoto akiona mtoto kaumia goti anakuwa makini sana.

Nimeanza na hiyo nafasi nyeusi kwa makusudi, kwa sababu watu wengi tukisikia homoni ya ukuaji tunafikiria ni kitu kinachomwagwa mwilini na mtu anarefuka, basi. Ukifikiria hivyo hutaelewa kwa nini mtoto anaweza kuwa na homoni tele kwenye damu na bado kadumaa, wala hutaelewa kwa nini mtu wa miaka 25 hata apewe sindano za bei gani hataongezeka hata sentimita moja. Homoni ni ujumbe tu. Ujumbe lazima umkute mpokeaji, na mpokeaji awe na chakula, awe na afya, na awe bado hajafunga kazi.

Tuanze na mtumaji. Chini ya ubongo, nyuma ya pua kwa ndani kabisa, kuna tezi ndogo inaitwa pituitari, uzito wake kama nusu gramu tu na ukubwa wake ni punje ya njegere. Hiyo ndiyo inatengeneza homoni ya ukuaji. Lakini haijiamulii, juu yake kuna sehemu ya ubongo inaitwa haipothalamasi ambayo inatuma homoni mbili zinazopingana, moja inasema toa na nyingine inasema acha, na kwa kupokezana huko homoni ya ukuaji haitoki mfululizo, inatoka kwa mikupuo. Mkupuo mkubwa kuliko yote kwa mtoto unakuja usiku, ndani ya saa moja au zaidi kidogo baada ya kushikwa na usingizi ule mzito. Ikishaingia kwenye damu haikai, dakika ishirini hivi nusu yake imeshaondoka. Ndio maana ukienda maabara saa nne asubuhi wakakupima homoni ya ukuaji mara moja wakakuta karibu sifuri, hicho kipimo hakijasema kitu, mtu mwenye afya kamili pia asubuhi hiyo angekutwa hivyo hivyo.

Sasa hii homoni ikitoka kichwani inafanya kazi kwa njia mbili. Inaenda yenyewe moja kwa moja kwenye sahani za ukuaji kuziamsha zile seli za akiba, na pia inaenda kwenye ini, ambapo ini likiipokea linatengeneza homoni nyingine inaitwa IGF-1, na hii IGF-1 ndiyo inayosukuma sehemu kubwa ya ile kazi ya seli kugawanyika na kuvimba. Sahani zenyewe nazo zinajitengenezea IGF-1 yao ya pale pale. IGF-1 haipandi na kushuka kwa masaa, inakaa imetulia kwenye damu, kwa hiyo madaktari wakitaka kujua mtoto hali yake ikoje wanapima hiyo kwanza.

Ushahidi mzuri kwamba ujumbe bila mpokeaji haufiki popote uko Ecuador, kule kusini mkoa wa Loja, kwenye vijiji vya milimani ambako kuna ukoo wa watu wafupi sana, mtu mzima anakuwa na mita moja na kitu kidogo. Daktari mmoja wa huko, Jaime Guevara-Aguirre, amewafuatilia tangu miaka ya 1980. Ukiwapima damu homoni ya ukuaji wanayo, tena nyingi kuliko mimi na wewe. Shida ni kwamba kile kipokezi cha homoni kwenye seli zao kimeharibika kwa kurithi, ini halisikii, IGF-1 haitengenezwi, na mifupa inabaki inasubiri. Hali hiyo ilishaelezwa Israel mwaka 1966 na Zvi Laron na ndio inaitwa kwa jina lake. Kitu cha kushangaza zaidi, na mimi hiki naona kinafundisha sana, ni kwamba hao ndugu wa Loja karibu hawaugui kansa wala kisukari, wakati ndugu zao warefu wa familia zile zile wanaugua. Yaani hii homoni tunayoililia kila siku ina gharama zake.

Na huku kwetu, kwenye msitu wa Ituri mashariki mwa Kongo, Wambuti na Waefe wamechunguzwa kwa miaka mingi kwa swali hilo hilo la ufupi. Homoni ya ukuaji kwao ni ya kawaida kabisa, ila IGF-1 ilionekana iko chini na vipokezi vya homoni ni vichache, na kwa Waefe mtoto anazaliwa tayari mdogo. Hapo sio ugonjwa na wala sio njaa, ni mwili wa watu walioishi msituni vizazi na vizazi na umbo lao ndilo lililowafaa. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu bado wapo watu wanaowatazama Wambuti na Wabatwa kama vile kuna kitu kimepungua kwao.

Tukirudi kwa watoto wetu wa kawaida, kitu kinachoamua zaidi kama ini litasikia au halitasikia ni chakula. Miaka ya 1960 madaktari wa Cape Town walipima damu ya watoto wenye kwashakoo, wale wa tumbo kubwa, miguu imevimba na nywele zimepauka. Ukifikiria kirahisi utasema mtoto kadumaa kwa hiyo homoni ya ukuaji itakuwa imekauka. Wakakuta kinyume, ilikuwa juu sana. Maelezo yake yalikuja kukamilika baadaye: mwili ukikosa chakula, hasa protini, ini linaacha kuitikia homoni ya ukuaji na IGF-1 inaanguka, kichwa nacho kinaona IGF-1 haipo kinazidi kutuma homoni, na hiyo homoni nyingi inabaki na kazi moja tu ya kuyeyusha mafuta ili mtoto apate nguvu ya kuishi leo. Kurefuka kunaahirishwa. Mwili sio mjinga, umechagua ubongo na moyo viendelee na mifupa isubiri, na ungekuwa hauchagui hivyo watoto wengi zaidi wangekufa wakati wa njaa. Lakini kuahirisha kukichukua miaka miwili ya kwanza yote, deni halilipiki tena lote.

Ndipo hapo panapouma tukiangalia takwimu za nchi yetu. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na Kenya mwaka huo huo ilikuwa asilimia 18. Alafu ukiangalia mkoa kwa mkoa unakuta Iringa inaongoza, zaidi ya nusu ya watoto, ikifuatiwa na Njombe na Rukwa zilizo kwenye nusu hivi. Hiyo ni mikoa inayolisha nchi! Mahindi yanatoka huko, viazi vinatoka huko, maharage yanatoka huko. Sasa mtu anauliza njaa iko wapi, na jibu ni kwamba mtoto anashibishwa ugali na uji mtupu asubuhi mchana na usiku, mama yuko shamba kutwa nzima mtoto anakula mara mbili, maharage na maziwa na mayai vinaenda sokoni. Tumbo limejaa lakini ini halijaona protini ya kutosha wala zinki, na bila hivyo homoni inapiga hodi bure.

Alafu kuna maradhi. Watafiti Zimbabwe walifuatilia watoto wachanga na kukuta wale waliodumaa damu yao ina dalili za mwili kupambana na maambukizi mda wote, na IGF-1 yao iko chini, tangu wakiwa na wiki chache tu. Mtoto anayeharisha harisha, anayetambaa kwenye uchafu wa kuku akitia mikono mdomoni, hata kama hajalazwa, kinga yake iko vitani kila siku na vita hiyo inaizima IGF-1. Ndio maana nasemaga choo safi na maji ya kunawa ni mambo ya urefu pia, sio mambo ya kipindupindu tu.

Kitu kingine watu wanakidharau ni furaha ya mtoto. Baada ya vita kuu ya pili kule Ujerumani kwenye mji wa Wuppertal mtaalam wa lishe Muingereza, Elsie Widdowson, alikuwa anapima watoto wa vituo viwili vya yatima, kila baada ya wiki mbili, kilo na urefu. Chakula chao ni mgao ule ule wa serikali. Baada ya miezi sita kituo kimoja kikaongezewa mkate, jamu na maji ya machungwa ili waone hao watakua kiasi gani zaidi ya wenzao. Matokeo yakaja kichwa chini, wale walioongezewa chakula ndio wakakua kidogo kuliko wale wasioongezewa. Widdowson akaja kugundua kwamba wiki zile zile walimu walezi walihamishwa, mama mlezi mkali aliyekuwa anagombeza watoto mezani mbele ya wenzao, akichagua hasa wakati wa kula, alihamia kwenye kituo kile kilichoongezewa chakula. Mtoto analia mbele ya sahani, supu inapoa, wenzake wanatetemeka wakisubiri zamu zao. Aliyaandika hayo mwaka 1951. Mwaka 1967 madaktari wa Baltimore, Marekani, wakaeleza watoto waliokuwa wanaishi kwenye nyumba zenye mateso, homoni ya ukuaji imeshuka kabisa kama vile pituitari imekufa, na walipotolewa tu pale nyumbani homoni ikarudi yenyewe na wakaanza kurefuka bila dawa yoyote.

Hapo ndipo inapoingia kotisoli, homoni ya hofu na mfadhaiko inayotengenezwa na tezi za juu ya figo. Kwa mda mfupi inatuokoa, kwa mda mrefu inabana sahani za ukuaji na kuvuruga mikupuo ya usiku. Na kotisoli sio lazima itoke ndani, inaweza kuingia kwa dawa. Prednisoloni na deksamethasoni ni za familia hiyo hiyo na zinaokoa maisha zikiandikwa na daktari, mtoto wa pumu kali au wa figo anazihitaji na asikatishwe ghafla, lakini deksamethasoni inayouzwa mtaani kama dawa ya kunenepesha, mama anampa mtoto ili aonekane ana mashavu, hiyo inamnenepesha huku inamzuia kurefuka. Mashavu yale ni maji na mafuta. Tafadhali sana wazazi wenzangu, mtoto anayeongezeka kilo huku urefu umesimama apelekwe hospitali, hiyo sio dalili ya kushiba.

Sasa twende shingoni. Tezi ya thairoidi ndiyo inayoweka mwendo wa mwili mzima, na bila homoni yake sahani za ukuaji zinalala hata kama homoni ya ukuaji ipo, na ubongo wa mtoto mchanga hauumbiki sawasawa. Hiyo homoni inatengenezwa kwa madini joto, mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu kwa siku na mama mjamzito 250, kiasi kidogo mno ambacho kwa macho hukioni. Lakini ardhi ya milimani mvua zimeisafisha, madini joto hayapo, na nyanda za juu kusini za Tanzania zamani ungekuta kijiji ambacho rovu ni kitu cha kawaida, bibi ana rovu, mama ana rovu, binti limeanza. Rovu lenyewe ni tezi imevimba ikijaribu kukamata kila chembe ya madini joto inayopita. Miaka ya 1980 serikali ikaanza kugawa vidonge vya mafuta yenye madini joto kwenye wilaya zilizoathirika na miaka ya 1990 ikaja sheria ya kuweka madini joto kwenye chumvi. Ni moja ya kazi kubwa za afya zilizofanyika nchi hii na haisifiwi inavyostahili.

Kisa cha Idjwi hakijulikani sana ila kina somo kubwa. Idjwi ni kisiwa cha ziwa Kivu upande wa Kongo, na wanasayansi wa Ubelgiji walikwenda huko kuanzia miaka ya 1960 wakakuta kitu hakieleweki: kaskazini ya kisiwa rovu limejaa na kuna watoto waliozaliwa na udumavu wa mwili na akili, wakati kusini magharibi rovu ni kidogo, na madini joto ni haba pande zote mbili sawa sawa. Tofauti ikaja kuwa mhogo. Mhogo mchungu usipolowekwa vya kutosha unaacha sumu ya sayanidi, mwili unaigeuza sumu hiyo kuwa kitu kingine kisichoua, na hicho kitu kingine kinazuia madini joto kuingia kwenye tezi. Penye madini joto ya kutosha hilo halina madhara makubwa, ila kwa mtu mwenye madini joto kidogo linammaliza. Kwa hiyo zile siku tatu za bibi kuloweka mhogo kabla ya kuanika zilikuwa zinalinda tezi za watoto. Na chumvi yako nyumbani ifunike, usiiache wazi kwenye joto na unyevu, na itie chakula kikikaribia kuiva, mana madini joto yanapotea.

Kabla ya kuzaliwa mambo ni tofauti kabisa, na hapa nitapita haraka. Tumboni homoni ya ukuaji karibu haina kazi, wale watoto wa Loja wanazaliwa na urefu unaokaribia wa kawaida. Huko ndani kinachokuza ni insulini ya mtoto mwenyewe pamoja na IGF za aina mbili. Ndio maana mama mwenye kisukari cha mimba anajifungua mtoto wa kilo nne na nusu: sukari ya mama inapita kondo la nyuma lakini insulini ya mama haipiti, kongosho la mtoto linaona sukari nyingi linamwaga insulini yake, na insulini kwa kichanga ni homoni ya kukuza. Watu wanashangilia mtoto mkubwa, wakati huyo mtoto akishakatwa kitovu sukari inaweza kushuka ghafla na anatakiwa kuangaliwa.

Mtoto akizaliwa ana sentimita 50 hivi, mwaka wa kwanza anaongeza kama 25, wa pili kama 12, alafu mwendo unapungua mpaka sentimita tano au sita kwa mwaka na unabaki hapo mpaka kubalehe. Kisha ndio inakuja ile kasi ambayo kila mzazi anaijua kwa sare za shule, suruali ya Januari mwezi wa nane inaishia juu ya kifundo. Wasichana wanatangulia, kilele chao ni miaka 11 au 12 hivi, wavulana miaka miwili baadaye na kwa kasi kubwa zaidi, sentimita tisa au kumi kwa mwaka. Homoni za uzazi zinapandisha homoni ya ukuaji na zenyewe pia zinafanya kazi kwenye mfupa.

Na hizo hizo ndizo zinazofunga mlango. Kwa miaka mingi iliaminika mvulana anafungwa na testosteroni na msichana na estrojeni. Mwaka 1994 Marekani kikachapishwa kisa cha mwanaume wa miaka 28, urefu sentimita 204, testosteroni yake ya kawaida, ndevu anazo, na bado anaendelea kurefuka. Eksirei yake ya mifupa ilikuwa ya kijana wa miaka 15. Kilichokosekana kwake ni kipokezi cha estrojeni. Baadaye wakapatikana wanaume wengine ambao miili yao haitengenezi estrojeni kabisa, nao warefu hivyo hivyo, walipopewa estrojeni sahani zikafunga. Kumbe hata mwanaume anafungwa na estrojeni, testosteroni yake inageuzwa kiasi kidogo kuwa estrojeni na hicho kidogo kinatosha. Kutoka hapo unaelewa jambo linalowachanganya wazazi wengi, binti aliyevunja ungo mapema, miaka tisa au kumi, darasani anakuwa mrefu kuliko wote alafu anasimama na wenzake wanampita, estrojeni imemharakisha na imemfungia mapema. Baada ya kuvunja ungo msichana kwa kawaida anabakiwa na sentimita chache tu, tano mpaka saba hivi.

Sahani zikishafunga nafasi nyeusi kwenye eksirei inapotea, mfupa unakuwa kipande kimoja, na hakuna tena mahali pa kuongezea. Angalia kinachotokea homoni ikizidi. Robert Wadlow wa Illinois, aliyezaliwa 1918, pituitari yake ilimwaga homoni kupita kiasi tangu utotoni sahani zikiwa wazi, akafika mita 2.72 na alikuwa bado anaongezeka alipofariki 1940 akiwa na miaka 22, kwa maambukizi yaliyoanzia kwenye lengelenge la mguu. Lakini mtu mzima wa miaka 40 akipata uvimbe wa pituitari wa aina ile ile harefuki, anapanuka: pete haiingii, namba ya viatu inapanda, taya linasogea mbele, moyo unakuwa mkubwa, kisukari kinaingia. Hiyo ndiyo picha kamili ya atakachopata mtu mzima anayejidunga homoni ya ukuaji akitafuta urefu. Na vile vidonge na unga vinavyotangazwa kwenye Instagram na WhatsApp, ongeza sentimita 10 kwa miezi mitatu umri wowote, ni wizi. Nasema wizi kwa sababu vijana wa miaka 22 na 23 wanatoa pesa za ada na za kodi ya chumba kununua kitu ambacho mfupa wao hauwezi kukipokea hata kingekuwa cha kweli.

Kwa mtoto anayestahili lakini, tiba ipo na historia yake ina machungu. Mwaka 1958 Maurice Raben wa Boston alionyesha kwamba homoni iliyokamuliwa kwenye pituitari za maiti inaweza kumrefusha mtu aliyepungukiwa. Kwa miaka karibu thelathini watoto Marekani, Uingereza, Ufaransa na kwingine walichomwa homoni hiyo, tezi za maiti wengi zikichanganywa pamoja. Mwaka 1985 ikagundulika kwamba vijana waliochomwa wakiwa watoto wanakufa kwa ugonjwa wa ubongo wa Creutzfeldt-Jakob, uliotoka kwa maiti wachache waliokuwa nao. Ufaransa peke yake vifo vilizidi 100. Mpango wa Marekani ukasimamishwa mwezi wa nne mwaka huo na mwezi wa kumi ikaruhusiwa homoni inayotengenezwa na bakteria maabara, ambayo haina maiti ndani yake, na ndiyo inayotumika mpaka leo. Miaka 15 baadaye Lionel Messi akahamia Barcelona akiwa na miaka 13, kwao Rosario alishagundulika pituitari haitoi homoni ya kutosha na alikuwa anajichoma sindano za miguu usiku, matibabu yalikuwa ghali familia ikashindwa, klabu ikakubali kulipa. Leo ana mita 1.70 hivi. Aliongezeka kwa sababu alipungukiwa kweli, na sahani zake zilikuwa wazi.

Basi ukiwa na wasiwasi na mtoto wako fanya hivi. Chukua urefu wa baba na wa mama, jumlisha, kwa mvulana ongeza 13 na kwa msichana toa 13, alafu gawanya kwa mbili, hapo ndipo mtoto anapoelekea, juu au chini sentimita nane hivi. Wazazi wafupi mtoto mfupi, hiyo mara nyingi sio ugonjwa. Kliniki wakimpima kilo waombe na urefu wauandike kwenye kadi, mana vituo vingi kilo inapimwa kila mwezi na urefu unasahaulika, na kilo peke yake haionyeshi udumavu. Mtoto wa miaka minne mpaka kubalehe anayeongeza chini ya sentimita nne kwa mwaka aonwe na daktari wa watoto. Vilevile binti mwenye matiti kabla ya miaka minane, au mwenye miaka 13 bila dalili yoyote, na mvulana wa miaka 14 ambaye hajaanza chochote. Binti mfupi sana ambaye pia habalehi anaweza kuwa na kromosomu X moja tu, na hilo linapimwa. Madaktari wa homoni za watoto bado ni wachache Afrika lakini wanaongezeka, mwaka 2008 Nairobi yalianza mafunzo maalum yaliyopokea madaktari kutoka nchi nyingi za bara hili.

Ukifika watampiga eksirei ya mkono wa kushoto waone umri wa mifupa, watapima damu, figo, IGF-1 na thairoidi. Wasipokupima thairoidi uliza kwa heshima, kwa sababu hiyo ndiyo wanayoweza kuitibu kwa urahisi kuliko zote, ni kidonge cha levothairoksini mara moja kwa siku, asubuhi kabla ya kula, na mtoto aliyesimama miaka miwili anaweza kuanza kurefuka ndani ya miezi michache.